Dola Moja kwa Kila Mtu

Leo twataka kunena nanyi juu ya mwendo wa hisani, yaani watu kutoka kwa pamoja, wakatembea au wakakimbia, ili kukusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa. Twajua kwamba wengi, wakiitwa katika jambo la namna hii, husema moyoni, "Mimi sina ila shilingi chache, nikienda nitaaibika mbele ya wenye mali. Heri nikae nyumbani." Wenye fikira hiyo twawapa habari za kijana mmoja wa nchi ya Kanada, jina lake Terry Fox.

Mwaka 1977, alipokuwa na miaka 18, Terry alishikwa na saratani ya mfupa, na madaktari wakamkata mguu wa kuume juu ya goti. Hospitalini aliwaona wagonjwa wengine wa saratani, na watoto miongoni mwao, wakiteseka, naye hakuweza kuwasahau. Akapata mguu wa bandia, akajizoeza kukimbia, akaazimia kuivuka Kanada yote, toka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi, ili kuomba fedha za kuchunguza tiba ya maradhi hayo.

Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika bahari ya Atlantiki, penye mji wa St. John's, akaanza safari. Kila siku alijaribu kukimbia kilometa 42 hivi, na rafiki yake alikuwa pamoja naye kwa gari. Siku za kwanza watu wengi hawakuwa na habari zake. Lakini alipofika Port aux Basques, mji mdogo wenye watu kama 10,000, alikuta wenyeji wamemchangia zaidi ya dola 10,000. Hapo akapata shauri: ikiwa mji mdogo waweza kutoa dola moja kwa kila mtu, mbona nchi nzima isiweze? Wakati ule Kanada ilikuwa na watu milioni 24.

Tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilometa 5,373, maumivu ya kifua yalimsimamisha karibu na mji wa Thunder Bay. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Bahari ya magharibi hakuifikia. Lakini watu hawakuacha kutoa, na mwezi wa Februari 1981 fedha zilipita dola milioni 24. Ndiyo dola moja kwa kila mtu, kama alivyoomba. Terry alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo, bado mwezi mmoja atimize miaka 23.

Je, mwendo ulikoma? La. Mwezi wa Septemba 1981 watu 300,000 walitoka kwa jina lake, wakakusanya dola milioni 3.5. Tangu hapo mwendo wa Terry Fox hufanywa kila mwaka, na nchi nyingine nyingi zimeufuata. Wala si mashindano: mwenye mbio hukimbia, mzee hutembea kwa mkongojo wake, na wote huhesabiwa sawa.

Basi, ndugu zetu wa vijijini, nanyi wanafunzi, mkiitwa katika mwendo kama huu, tokeni. Na mkitaka kuuanzisha kwenu kwa ajili ya wagonjwa, shikeni mambo matatu. Kwanza, watu waambiwe waziwazi fedha ni za kazi gani, ikiwa ni vitanda vya zahanati au nauli ya mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa. Pili, fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, ziandikwe kitabuni, na hesabu isomwe hadharani. Kwa maana zikipotea mwaka huu, mwakani hatatoka mtu. Tatu, mtoaji wa kidogo asichekwe. Akichekwa leo, kesho atajificha, na walio kama yeye ndio wengi.

Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kijana yule hakumaliza safari yake, lakini kibaba alichokiomba kilijaa, kwa kuwa watu hawakuionea haya dola moja. Nasi tusiionee haya shilingi yetu.