Onyo la Hali ya Hewa ni Taarifa ya Upelelezi

Askari aliye zamu usiku juu ya kilima cha Mbuya huona jambo ambalo raia anaowalinda hawalioni, kwa kuwa wamelala. Saa tisa za usiku, anga ya Kampala ikiwa shwari na nyota zikionekana, upande wa kusini, ng'ambo ya Luzira na Port Bell, umeme humulika mfululizo juu ya Ziwa Viktoria. Kukipambazuka askari huyo hukabidhi lindo na kuarifu kwamba usiku ulikuwa wa amani. Kwa upande wa kilima, ni kweli. Lakini chini ya umeme ule walikuwako wavuvi.

Jambo hilo si la bahati mbaya, wala si siri tena. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya mvua hujengeka juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za kila upande wa ufuko hukutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu husukumwa juu, na dhoruba huzaliwa saa zile zile ambazo mvuvi yuko mbali na nchi kavu. Ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000 linaweza kujitengenezea dhoruba yake lenyewe. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaopoteza maisha katika ziwa hilo kila mwaka. Jeshi lolote ambalo lingepoteza watu wengi kiasi hicho kila mwaka pasipo kupigana vita, makamanda wake wasingepata usingizi.

Sayansi haikukaa kimya. Mwaka 2016 wataalamu walioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha utafiti wao kuhusu dhoruba hizo. Walionyesha kwamba nguvu ya mvua za mchana katika nchi kavu inayolizunguka ziwa hutoa dalili ya dhoruba ya usiku unaofuata. Kwa maneno mengine, setilaiti inayopiga picha za mawingu jioni humpa mtabiri saa kadhaa za kutoa onyo kabla mitumbwi haijaondoka. Kuanzia mwaka 2017, kwa mpango ulioitwa HIGHWAY, watabiri wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walishirikiana kuboresha taarifa za ziwa, wakitumia setilaiti, vituo vya kupimia na rada, ikiwamo ile ya Mwanza. Taarifa hizo zilieleza upepo, mawimbi na mvua kwa kila sehemu ya ziwa, zikitumia lugha ambayo mvuvi anaielewa.

Maendeleo hayo hayakuishia ziwani. Wazee wetu wanazikumbuka mvua za mwisho wa mwaka 1961. Ziwa lilipanda, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeongezeka kina kwa zaidi ya meta mbili. Siku zile Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, iliweza kuipima mvua hiyo, lakini haikuwa na njia ya kuiona kabla haijafika. Mwaka 1999 ndipo wanasayansi walipoueleza ulimwengu habari ya mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Kuna miaka ambayo maji ya upande wa Afrika hupata joto kupita kawaida, huku maji ya upande wa Indonesia yakipoa. Miaka hiyo mvua za vuli huzidi katika nchi zetu. Walipozirejea kumbukumbu za nyuma, waliona kwamba mwaka 1961 ulikuwa mmoja wa miaka hiyo.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Leo dalili nyingine huonekana baharini, maelfu ya kilomita kutoka Mbuya, miezi kadhaa kabla wingu la kwanza halijatanda. Ndiyo maana tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu wa mvua ili kukubaliana juu ya utabiri mmoja. Mwaka 2019 hali ile ya bahari ilirudi kwa nguvu nyingi. Mvua zilinyesha mfululizo, na kufikia Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964. Safari hii sababu ilijulikana. Hata hivyo nyumba na magati ya ufukoni yalifunikwa na maji, na watu wengi walihama wakiwa wamechelewa.

Hapo ndipo swali linapotuangukia sisi. Ikiwa elimu ipo, kwa nini watu bado wanakufa na kupoteza mali?

Sababu moja ni kwamba tunataka utabiri uwe na uhakika kamili, na usipotimia mara moja tunauita uongo. Mtabiri anaposema kwamba uwezekano wa dhoruba ni asilimia 70, anakubali kwamba katika siku kumi za namna hiyo, tatu zitapita bila dhoruba. Huyo hasemi uongo. Anasema kama asemavyo afisa wa upelelezi kwamba adui huenda akapita bonde hili usiku wa leo. Hakuna kamanda mwenye akili anayeliacha bonde wazi kwa sababu adui hakupita juzi.

Historia ya vita inatoa ushahidi. Mwezi Juni 1944 majeshi ya muungano yalipojiandaa kuvuka bahari kwenda Normandy, Jenerali Eisenhower alimsikiliza mtaalamu wake wa hali ya hewa, James Stagg, akaahirisha shambulio lililopangwa tarehe 5. Stagg alipoona nafasi fupi ya utulivu, majeshi yalivuka tarehe 6. Miongoni mwa vipimo vilivyomwongoza ni vile vya kituo kidogo cha Blacksod, ufukoni mwa Ireland ya magharibi. Kipimo kilichochukuliwa kwa uaminifu na mtu wa cheo cha chini kilifika kwa jenerali, na jenerali akakitii.

Sababu ya pili ni kukatika kwa mnyororo. Taarifa inaweza kutoka Entebbe kwa wakati, ikafika makao makuu kwa wakati, kisha ikabaki mezani. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufuko wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi walieleza kwamba ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Askari wa polisi na wa jeshi waliitwa kuokoa na kuopoa maiti. Vivyo hivyo huko Bududa, baada ya mlima kuporomoka tarehe 1 Machi 2010 na kukifunika kijiji cha Nametsi, wanajeshi walichimba kwa majembe kwa kuwa mashine hazikuweza kufika. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Lakini askari anayeitwa kuopoa maiti ndiye huyo huyo ambaye angeweza kuitwa mapema kupeleka onyo.

Kwa hiyo, ndugu maafisa na askari, taarifa ya hali ya hewa haina budi kusomwa kwenye gwaride kama zinavyosomwa amri za siku. Kituo cha polisi kilicho kwenye mwalo kiitangaze jioni, kabla mitumbwi haijasukumwa majini. Chombo kilichojaa kupita kiasi, au kisicho na majaketi ya kuokolea maisha, kizuiwe. Naye mlinzi anayeona upepo ukibadilika au mto ukifurika aarifu kwa simu ya upepo, maana jicho lake ni sehemu ya utabiri.

Na yote hayo yafanywe kwa nidhamu. Mvuvi anayemkimbia askari kwa hofu hawezi kupokea onyo kutoka kwake. Atakayesimama na kusikiliza ni yule aliyekwisha kuona kwamba askari huyo anamtakia uhai.

Usiku wa leo mlinzi wa Mbuya atauona tena umeme upande wa kusini. Yeye hana uwezo wa kuuzuia. Lakini jeshi na polisi wanaweza kuhakikisha kwamba, kabla haujamulika, kila aliye kwenye mwalo amekwisha kuambiwa.