Hotuba ya Wapiga Kinanda: Deni Letu kwa Alto



Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, wazazi wetu na wanakwaya wote, wa zamani na wa sasa. Sisi wapiga kinanda tumeombwa tuseme machache kuhusu chombo chetu katika miaka hii 25 ya kwaya. Tungeweza kuwasimulia harambee iliyokinunua, lakini hiyo mnaijua, maana mifuko ilikuwa yenu. Tumeona afadhali tulipe deni moja hadharani.

Mwaka fulani, wiki mbili kabla ya Pasaka, sauti ya pili ilionekana kuharibika. Kila wimbo wenye Do ni C, alto wakifika kwenye mi wanagongana na kinanda. Mwalimu akawasimamisha mmoja mmoja. Wawili walilia, na mmoja akaacha kuja mazoezini. Sisi tulionyamaza nyuma ya kinanda tulikuwa na hakika kwamba mashine haikosei.

Kilichotushtua ni wimbo wa Do ni E-fleti. Hapo alto waliimba safi kabisa. Tukaangalia kitufe cha kuhamisha Do: sifuri. Tukaangalia tuni kuu: A iko hezi 440, kama inavyotakiwa. Ndipo tukafungua menyu ya skeli, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifungua, tukakuta noti mbili, E na B, zimeshushwa senti 50 kila moja. Nusu toni ni senti 100, kwa hiyo hiyo ni robo toni nzima. Do ikiwa C, mi ni E na ti ni B. Do ikiwa E-fleti, noti hizo mbili hazimo kabisa katika skeli yake.

Kinanda kilikuwa kimetoka kuazimwa kwa harusi hapa Mombasa. Mpigaji wa taarabu hakukosea. Ziko nyimbo za taarabu zilizojengwa juu ya makamu za Kiarabu, na robo toni ndiyo utamu wake. Tuliokosea ni sisi, tuliokipokea bila kukikagua. Alto walikuwa wakiimba mi ya kweli kwa masikio yao wenyewe, huku mashine ikiwavuta chini. Dada zetu, tuliwaonea. Tunawaomba msamaha mbele ya parokia nzima. Yule aliyeacha tulimfuata nyumbani, naye, kwa wema wake, akarudi. Ndiye mnayemsikia akiimba wimbo wa katikati.

Tangu siku hiyo tumekuwa wadadisi, pengine kupita kiasi. Kijana wetu mmoja alijaribu skeli safi, ambayo mi yake iko chini kidogo, kama senti 14, karibu na pale sauti za watu hupenda kutulia zikiimba bila kinanda. Kwa Do ni C ilikuwa asali. Tulipohamia D ikawa ndimu. Tukarudi kwenye skeli ya kawaida.

Tena kuna mguso. Mama yetu aliyepiga kinanda tangu kwaya ianze alipata maumivu ya viungo vya vidole. Kinanda hupima kasi ambayo kitufe kinashuka nayo. Ukishusha polepole, sauti hutoka ndogo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama amechoka, apumzike. Kumbe mguso ulikuwa umewekwa mgumu, kwa ajili ya kijana yuleyule anayegonga kana kwamba ni ngoma! Tukauweka laini, na sauti ya mama ikajaa kanisa bila yeye kuumia. Kwa sauti ya ogani tukauzima kabisa, kwa kuwa ogani ya mabomba haipandi sauti kwa kugongwa.

Mipangilio ya mama tumeihifadhi kwenye kitufe cha kumbukumbu chenye kibandiko chekundu. Tafadhali, msikiguse. Wimbo wa mwanzo leo ni Do ni C, na alto wataanza peke yao.