Ukiumwa leo kwa maji ya juzi: tunachojifunza Camp Lejeune

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana la Jumamosi. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.)

Nimepewa dakika ishirini na nimeonywa nisilete Kiingereza cha mahakamani. Nikiteleza, nyosheni mkono.

Mada ni fidia kwa watu walioumwa kwa sababu ya maji yenye sumu kwenye kambi za jeshi. Ningeweza kuwapitisha kambi kumi, lakini nimechagua moja, kwa sababu ndani yake mna kila kitu: sumu, ukimya, mahakama, Bunge, na mawakili wa matangazo ya TV.

Camp Lejeune iko jimbo la North Carolina, Marekani. Ni kambi ya kikosi cha Marine, na msifikirie mahema. Ule ni mji. Una nyumba za familia, shule, hospitali, na mitambo yake ya kusafisha maji ya visima. Kuanzia Agosti 1953 mpaka Desemba 1987 baadhi ya maji hayo yalikuwa na kemikali. Upande wa Tarawa Terrace, kwenye makazi ya askari wenye familia, sumu ilitoka nje ya uzio, kwa dobi wa kiraia aliyekuwa anasafisha nguo kwa kemikali, mabaki yakaingia ardhini. Upande wa Hadnot Point ilitoka humo humo kambini: matangi ya mafuta yaliyovuja chini ya ardhi, dawa za kutolea grisi kwenye vyuma, taka zilizotupwa. Mwaka 1982 sampuli moja ya Hadnot Point ilikutwa na trikloroethilini sehemu 1,400 katika kila sehemu bilioni moja ya maji. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani leo ni 5. Tano, jamani.

Maji hayo yalipikiwa uji wa watoto. Wajawazito waliyanywa. Inakadiriwa watu wanaofika milioni moja huenda waliyatumia.

Sasa swali la mwanasheria yeyote: waliokuwa na dhamana walijua lini? Maabara zilianza kutoa tahadhari mwaka 1980. Visima vibaya zaidi vilifungwa mwishoni mwa 1984 na mwanzoni mwa 1985. Na wakazi wa Tarawa Terrace walipoandikiwa barua mwaka 1985, waliambiwa kemikali zilizoonekana ni kidogo sana. Askari wakahamishwa vituo, wakastaafu, wakatawanyika nchi nzima. Ugonjwa ukawafuata huko huko, na hakuna aliyejua auhusishe na nini.

Jerry Ensminger alikuwa sajini wa Marine. Binti yake Janey alikufa kwa leukemia, saratani ya damu, mwaka 1985 akiwa na miaka tisa. Baba alikuja kusikia habari ya maji ya kambini mwaka 1997, kwenye taarifa ya habari ya TV. Miaka 12 baada ya kuzika! Hiyo namba 12 ishikeni, nitairudia.

Mtu akiniuliza kwa nini watu hawa hawakulipwa, atategemea niseme ushahidi ulikosekana. Ushahidi ulikuwa mgumu, ni kweli. Saratani haiji na stakabadhi. Lakini kilichowaangusha mahakamani hasa ni kalenda.

Kwa askari mwenyewe kulikuwa na ukuta wa kwanza. Mwaka 1950, kwenye kesi ya Feres, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yaliyompata kutokana na utumishi wake. Kwa hiyo aliyekunywa maji akiwa kwenye gwanda alikuwa ameshafungiwa mlango. Wake, waume na watoto wao hawakuguswa na ukuta huo. Wao walikutana na wa pili.

Ukuta wa pili ni sheria ya jimbo la North Carolina. Hapa nisikilizeni vizuri maana hata darasani kwetu watu huchanganya. Kuna ukomo wa kawaida wa madai, ambao katika nchi nyingi unaweza kuanza kuhesabiwa pale ulipogundua umeumizwa. Halafu kuna ukomo wa mwisho kabisa, unaohesabiwa tangu mdaiwa alipofanya kitendo chake cha mwisho, ujue usijue, uumwe usiumwe. North Carolina iliweka miaka 10. Sasa piga hesabu: visima vimefungwa 1985, miaka 10 inaisha 1995, Ensminger anasikia habari 1997. Haki ilikufa kabla mwenye haki hajajua kuwa anayo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipewa nafasi ya kulegeza jambo hili, kwenye kesi nyingine ya jimbo hilo hilo, wakazi dhidi ya kampuni ya CTS. Ikakataa: ikasema sheria ya mazingira ya nchi haiondoi ukomo huo wa jimbo. Bunge la jimbo likakimbia kurekebisha sheria mwaka huo huo. Mahakama ya rufaa ikasema marekebisho hayarudi nyuma. Desemba 2016 kesi za Lejeune zilizokuwa zimekusanywa Atlanta zikatupwa, na mwaka 2019 rufaa ikagonga mwamba.

Kwa uelewa wangu, majaji wale walisoma sheria sawasawa. Sheria yenyewe ndiyo ilikuwa mbaya. Nawaambia hivi kwa sababu sisi vijana wa siasa tuna tabia ya kumlaumu hakimu kwa kila kitu, wakati mbunge aliyepiga makofi sheria ikipita anatembea zake.

Ndiyo maana wale wazee waliacha kuhangaika na mahakama, wakaanza kuwafuata wabunge. Mwaka 2012 walipata sheria ya matibabu kwa askari na familia zao, kwa orodha ya magonjwa 15, na sehemu yake ikapewa jina la Janey. Matibabu siyo fidia, lakini waliyachukua na hawakwenda kulala. Agosti 10, 2022, Rais Biden alisaini sheria ya PACT, na ndani yake kuna kifungu cha haki kwa watu wa Camp Lejeune.

Kifungu hicho ni kifupi kuliko katiba ya kikundi cha kukopeshana. Kinasema: aliyekuwepo pale siku zisizopungua 30 katika kipindi kile, awe askari, mwanafamilia, mfanyakazi, hata aliyekuwa bado tumboni kwa mama yake, anaweza kudai. Kinaondoa ukomo wa miaka 10. Kinaizuia serikali kujificha nyuma ya kinga zake za kawaida. Na mzigo wa kuthibitisha kimeupunguza: inatosha kuonyesha kwamba uwezekano wa maji kuwa chanzo ni angalau sawa na uwezekano wa kutokuwa chanzo. Nusu kwa nusu, unashinda. Kwenye kesi ya kawaida ya madai, nusu kwa nusu mdai anashindwa.

Nisiwapake rangi lakini. Lazima kwanza upeleke dai Jeshi la Majini, usubiri likatae au miezi sita ipite, ndipo uende mahakamani. Mahakama ni moja tu, ya mashariki mwa North Carolina, na mwaka 2024 ikaamua hakuna baraza la wananchi la kusikiliza kesi hizi, ni jaji peke yake. Ukishinda kule, unakatwa mafao uliyokwisha kulipwa kwa ugonjwa huo huo. Mawakili walijaza matangazo kila kona mpaka serikali ikaja kuwawekea kikomo cha ada. Serikali ikafungua na njia ya mkato mwaka 2023: dola 100,000 hadi 450,000 kutegemea ugonjwa na muda uliokaa kambini, na 100,000 ya nyongeza kama mtu alikufa. Dirisha la madai lilifungwa Agosti 10, 2024, yakiwa yamewasilishwa zaidi ya 400,000. Hadi siku hiyo waliokuwa wamelipwa walikuwa wachache mno. Wapo waliofariki faili likiwa mezani.

Sasa tuje kwetu, maana mtu wa nyuma pale anajiuliza haya yanatuhusu nini.

Chukua Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Dai la madhara ya aina hii, lile lisilotokana na mkataba, lina miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Waziri akiona ni haki anaweza kuongeza muda, lakini isizidi nusu yake. Yaani mitatu na mwaka mmoja na nusu. Minne na nusu! Kuna nafuu kama ulifichwa kwa udanganyifu, na kama madhara yanaendelea kutendeka kila siku. Lakini udanganyifu uthibitishe wewe, mgonjwa. Na kumbukeni ile 12 ya Ensminger. Halafu anayedaiwa akiwa serikali, unatoa notisi ya siku 90, unaenda Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe.

Mmoja wenu aliniandikia kwamba Katiba inatosha, akanipa mfano wa wakazi wa Tabata waliolishinda Jiji la Dar es Salaam kuhusu dampo. Mfano mzuri, naupenda. Ila wale walitaka taka zisiendelee kumwagwa, na moshi walikuwa wanauona kwa macho. Anayegundua saratani miaka 20 baada ya kuhama mtaa ana shida nyingine kabisa.

Kwa hiyo napendekeza tusiingie kwenye kampeni na neno "tutawashtaki", kwa sababu kwa sheria iliyopo wengi tutakuwa tunawadanganya. Tuingie na muswada: kwenye magonjwa ya sumu, muda uanze kuhesabiwa siku mgonjwa alipojua, au alipotakiwa kujua, chanzo cha ugonjwa wake, na yeyote anayepima maji ya umma alazimike kutoa majibu kwa wanaoyanywa. Rasimu ninayo hapa, ni nusu ukurasa. Ipitisheni mkono kwa mkono, andikeni pembeni mnapoona pana tundu. Kifungu cha pili sijakimaliza, bado nabishana na mwenzangu kama kiguse na kambi za jeshi, au tuanze na migodi na viwanda kwanza.