Presha na Mafigo

Leo tuzungumze juu ya presha na mafigo.

Mafigo ni mawili, kila moja ukubwa wa ngumi. Kazi yao ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa mkojo. Presha ikipanda na kukaa juu, mishipa midogo ndani ya figo huharibika. Figo likiharibika, chumvi na maji hubaki mwilini, na presha inazidi kupanda. Hivyo ugonjwa mmoja huita mwingine.

Shida ni kwamba mwanzoni hakuna maumivu. Wengi wetu tunasema, "Mimi niko sawa," tunaacha dawa. Mara nyingi miguu ikivimba, mafigo yameumia sana. Kisha ni mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kwa wiki. Ng'ombe anauzwa, shamba linafuata.

Basi tufanye nini?

Tupime presha. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa vijijini walianza kupewa mashine za kupima; tuwaite kwa mkutano. Ikifika 140/90 zaidi ya mara moja, twende zahanati, na mkojo pia upimwe protini.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

Tusimeze ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki, zinaumiza mafigo.

Dawa ya presha haiachwi bila daktari kusema. Kikundi kinachokumbushana kuweka akiba kinaweza pia kukumbushana kumeza dawa.