FURAHA YA USHINDI ISITUTOE KATIKA UTULIVU

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri, Viwanja Sitini, Ifakara)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni desturi ya mashabiki kuuvamia uwanja pindi timu yao inaposhinda. Nitaanza na nafsi yangu, kwani mwenye kuwaonya wenzake na hali kosa lake ameliacha kando huwa amejidanganya mwenyewe.

Jioni moja vijana wa vyuo viwili walicheza fainali hapa mjini kwetu. Uwanja ule hauna uzio. Mstari wa chokaa ndio mpaka, na watazamaji husimama juu yake. Nami nilikuwepo, na si haramu kuwepo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.), na akaandaa mashindano ya farasi. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu tuliyoipenda ilikuwa imeshinda kwa goli moja. Umati ukaingia kwa mbio kutoka pande zote ili kuwabeba wachezaji. Nami, mwalimu wenu mwenye kanzu na kofia, nikakimbia pamoja nao.

Katika mbio zile nilihisi nimejikwaa. Sikutazama chini. Nilidhani ni mfuko au kiatu cha mtu.

Siku ya tatu mmoja wa wanafunzi wangu wa juzuu ya Amma alikuja madrasa amefungwa hogo mkononi. Mtoto huyu huuza karanga jioni ili kumsaidia mama yake. Nikamuuliza kilichompata. Akainamisha kichwa, akasema: "Ustadhi, siku ile ya mpira niliangushwa. Nilikuona. Nilikuita."

Wallahi sikumsikia. Wala sijui hadi leo kama mguu uliomkanyaga ulikuwa wangu au wa mwingine. Ninalolijua ni kwamba aliniita kwa jina la ualimu wangu, na mimi nikapita.

Ndugu Waislamu, hebu tutazame kwa nini sikumsikia. Waliochunguza misongamano ya watu wanaeleza kwamba watu wakizidi watano au sita katika eneo la mita moja ya mraba, mtu hupoteza uwezo wa kuuongoza mwili wake, akawa anachukuliwa kama gogo katika mto Kilombero wakati wa masika. Wa nyuma husukuma kwa sababu hawaoni yaliyo mbele. Wa mbele hupiga kelele, lakini sauti yao huzama katika vigelegele. Na wengi wanaokufa katika hali hiyo hawafi kwa kukanyagwa, bali kwa kubanwa kifua hata pumzi ikakosa nafasi. Hakuna aliyekusudia kuua, na maiti inapatikana.

Mifano ipo. Oktoba 1, 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan, Malang nchini Indonesia, mashabiki waliingia uwanjani baada ya timu yao kufungwa 3-2. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi hadi majukwaani, watu wakakimbilia milango iliyokuwa myembamba, na mingine imefungwa. Watu 135 walifariki, wakiwemo watoto wengi. Karibu na kwetu, Oktoba 23, 2010, watu 7 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na Mei 28, 2023, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa katika msongamano siku Yanga ilipocheza na USM Alger.

Wala asiseme mtu kuwa haya ni ya watu wa mpira tu. Oktoba 1, 2008, siku ya Idi, watoto 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Na mwaka 1990, katika njia ya chini ya ardhi huko Mina, mahujaji 1,426 walifariki kwa msongamano, nao wamo katika ibada. Msongamano hauchagui nia ya mtu.

Kwa hiyo dini yetu ilikuja na dawa kabla ya ugonjwa. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuiendea swala kwa mbio hata tukisikia iqama, akatuamrisha twende kwa utulivu. Siku ya kuondoka Arafa aliwaashiria watu watulie, naye akiizuia hatamu ya ngamia wake. Ikiwa hatukuruhusiwa kukimbilia swala, tutapata wapi ruhusa ya kukimbilia kombe?

Tuikumbuke pia Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale wapatao 50 waliwekwa juu ya kilima na wakaamrishwa wasiondoke, tushinde au tushindwe. Walipoona maadui wanakimbia, wengi wao wakateremka mbio. Wakati ule Khalid bin Walid, ambaye alikuwa bado hajasilimu, akazunguka kwa nyuma, na Waislamu wapatao 70 wakauawa siku hiyo. Madhara yale yaliingia katika dakika ya furaha, wakati kila mmoja alipodhani kwamba kazi imekwisha.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mmoja wetu aazimie kubaki alipo filimbi ya mwisho inapolia. Wachezaji watakuja kutusalimia wenyewe. Pili, wanaoandaa mechi wafunge kamba kuzunguka uwanja, waache njia pana za kutokea, na waweke vijana wa kusimamia. Tatu, wazazi tusiwaache watoto wadogo, hasa wanaouza, wasimame mstari wa mbele. Nne, utaratibu huo huo tuutumie katika swala ya Idi na katika kugawa nyama ya Udhhiya. Tano, atakayemwona mwenzake ameanguka, asimame juu yake anyooshe mikono na apaze sauti mpaka ainuke.

Mimi nilikwenda kwa mama wa mtoto yule, nikaomba radhi, nikalipa karanga zake na gharama za matibabu. Alinisamehe. Lakini radhi ya mama haiondoi swali nitakaloulizwa Siku ya Kiyama kuhusu sauti iliyoniita nisiitike. Nimelisema hapa mbele yenu ili wanafunzi wangu wajue kwamba mwalimu wao alikosea, na ili mechi ijayo mniangalie mimi kwanza kama nimebaki nyuma ya chokaa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie utulivu katika furaha na subira katika huzuni, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.