Namba Iliyo Kwenye Ripoti: Kupima Uvimbe kwa Kamera ya Endoskopia



Leo nazungumzia namba moja ambayo mgonjwa mara nyingi haioni, ingawa ndiyo inayoamua matibabu yake: ukubwa wa uvimbe ulioonwa kwa endoskopia, yaani kamera inayoingizwa mwilini kwa mrija.

Nianze na utumbo mpana. Humo huota vinyama ambavyo baadhi yake hugeuka saratani, na kadiri kinyama kinavyokua ndivyo hatari inavyoongezeka. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani imeweka mpaka kwenye milimita 10. Aliyetolewa kinyama cha aina ya adenoma kilichofikia mpaka huo hushauriwa kurudi baada ya miaka 3. Mwenye kimoja au viwili vidogo zaidi husubiri muda mrefu kuliko huo. Kati ya 9 na 10, basi, kuna miaka ya maisha ya mtu. Hata hivyo madaktari wengi duniani bado hukadiria kwa macho tu.

Macho hudanganywa kwa sababu picha haibebi kipimo. Simama hapa Babati, inua kidole gumba mbele ya jicho, nacho kitaufunika Mlima Kwaraa. Kamera ikisogea kutoka sentimita 2 hadi 1, kinyama kilekile huonekana kipana maradufu. Lenzi ya kamera nayo ni ya pembe pana, kwa hiyo kilicho pembeni mwa picha husinyaa. Hata kompyuta inayofuatilia video hukwama hapo: kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali hutoa picha ileile, mpaka ifundishwe kwa picha zilizopimwa.

Dawa yake ni kuweka ndani ya picha kitu chenye upana unaojulikana. Koleo la kuchukulia sampuli hufaa. Lifunguliwe likigusa ukingo wa kinyama, lisielee mbele yake. Kama upana wake ni milimita 6 na kinyama kinalizidi kwa nusu, tumepata 9.

Kwetu kaskazini mwa Tanzania suala hili linagusa zaidi umio. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, umeelemewa na saratani ya umio. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali, kisha uji, mwishowe maji. Hapa rula ipo tayari: mrija wa endoskopia una alama za sentimita, zinazosomwa kwenye meno ya mbele. Uvimbe ukianza sentimita 28 na kuishia 34, urefu wake ni 6. Stenti ya kufungua njia ya chakula inapaswa kupita ncha zote mbili kwa takribani sentimita 2, kwa hiyo itahitajika ya 10. Ikikosewa ikawa fupi, uvimbe huziba njia upya.

Mgonjwa wa Manyara anayepewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, hubeba ripoti mkononi. Naomba kila ripoti iseme mambo mawili: ukubwa, na namna ulivyopimwa. “Milimita 9, kwa koleo” ni taarifa ambayo daktari wa pili anaweza kuihakiki. “Uvimbe mdogo” humlazimu kuanza upya. Wakufunzi tulifundishe hili tangu endoskopia ya kwanza ya mwanafunzi. Nanyi wananchi, mnayo haki ya kuuliza: umepimwaje?