Amani Iliyogawiwa Mafungu: Serikali ya Liberia Baada ya Vita



Ndugu wapendwa, tunapozungumzia haki na amani katika jumuiya zetu, hatuna budi kuwatazama wale walioyalipia maneno hayo kwa damu. Leo tunaitazama Liberia, iliyopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1989 hadi 1997, na tena tangu 1999 hadi 2003.

Tarehe 18 Agosti 2003 mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Accra, Ghana. Tuusome kwa makini. Bunge la mpito lilipewa viti 76. Upande wa serikali iliyokuwa ikipigana ulipata 12. Makundi mawili ya waasi, LURD na MODEL, yakapata 12 kila moja. Hivyo wenye bunduki walishika viti 36, na kaunti zote za nchi zikapewa 15. Wizara nazo ziligawiwa vivyo hivyo: Sheria na Fedha zikawa fungu la LURD. Basi mjane ambaye mumewe aliuawa na waasi angepeleka mashtaka yake kwa nani?

Hatuwalaumu waliotia sahihi. Monrovia ilikuwa imepigwa mizinga, na watu hawakuwa na chakula. Aliye mbali na risasi huona ni rahisi kudai haki yote kwa siku moja. Tena mkataba uliwakataza mwenyekiti wa serikali ya mpito, Gyude Bryant, na mawaziri wake kugombea katika uchaguzi wa 2005, na hiyo ilikuwa busara. Ellen Johnson Sirleaf akachaguliwa kuwa Rais. Samuel Kofi Woods, aliyeiongoza Tume ya Haki na Amani ya Kanisa nchini humo wakati wa vita, akawa Waziri wa Kazi.

Lakini deni lilibaki. Katika uchaguzi uleule Prince Johnson, ambaye kundi lake lilimteka na kumwua Rais Doe mwaka 1990, alichaguliwa seneta wa Nimba. Alibaki katika Seneti hadi alipofariki mwaka 2024. Charles Taylor alihukumiwa kifungo cha miaka 50, lakini kwa maovu ya Sierra Leone. Mahakama ya makosa ya vita ilipendekezwa na Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 2009. Amri ya kuunda ofisi ya kuiandaa ilitiwa sahihi na Rais Joseph Boakai Mei 2024.

Kama mjane yule alikuwa na umri wa miaka 60 siku ya mkataba wa Accra, siku hiyo alikuwa amepita 80.